Kampuni ya Kuamsha Magari

Benchi la kona ile lina miguu mitatu na tofali moja, na wanaolikalia wanalijua kuliko vitanda vyao. Profesa hukaa upande wa tofali. Alikuwa karani wa stoo miaka thelathini na hajawahi kukiri kwamba kuna jambo asilolijua. Kando yake hukaa Kisigino, fundi viatu ambaye wateja wake humsubiri mpaka wasahau walileta viatu gani. Shangazi ndiye mmimina kahawa. Ng'ambo ya barabara kuna yadi ya magari ya kuuza, na asubuhi hiyo aliyeikodolea macho alikuwa Stata, ndani ya koti alilofungia ndoa. Miaka tisa alilinda geti la yadi nyingine. Aliona wateja wanakuja na nia zao, ufunguo unazungushwa, gari linakohoa mara mbili na kunyamaza, maana gari likisimama muda mrefu betri hufa. Mteja naye anaaga. Basi Stata akaacha geti, apite yadi hadi yadi kila asubuhi akiwasha magari, kuyasogeza kidogo na kuyafuta vumbi. Mama mwenye yadi hii alimwambia kwa simu aje saa nne wazungumze. Mkewe naye alikwishasema: “Baba watoto, ukirudi bila kazi, usirudi na maneno.”

STATA: Saa tatu na nusu hiyo. Wacha niende.

PROFESA: Uende wapi? Kampuni ina jina?

STATA: Jina la nini, Profesa? Naenda kuwasha magari.

PROFESA: Ndiyo maana hatuendelei! Mtu mzima unamwendea mama wa watu huna hata cheo. Kuanzia sasa wewe ni Mkurugenzi. Mimi Mwenyekiti.

KISIGINO: Na mimi je?

PROFESA: Mkuu wa Matairi. Viatu na matairi si vyote vinakanyaga chini?

Stata alicheka, lakini cheo kilimwingia. Miaka tisa ameitwa “wewe wa getini”. Akaketi tena, akanyoosha koti.

KISIGINO: Ila huko kuwasha kila siku kunanitia wasiwasi. Bandu bandu huisha gogo. Utazimaliza injini za watu.

STATA: Dakika kumi tu, Kisigino.

KISIGINO: Afadhali uyaimbie. Gari likizoea sauti ya mtu halizimiki ovyo.

PROFESA: Kuimba ni kazi ya matawi madogo. Makao makuu tunafunga kengele. Inalia alfajiri, magari yote yanaamka kwa pamoja, kama bweni.

SHANGAZI: Na majirani?

PROFESA: Majirani ndio wateja wenyewe! Wakiamka mapema watachelewa kwa miguu, wataona umuhimu wa gari.

SHANGAZI: Wakiamka mapema watachelewa?

PROFESA: Shangazi, haya ni mambo ya biashara. Wewe mimina.

STATA: Wazee wangu, saa nne kasorobo.

PROFESA: Mwenda pole hajikwai. Mkurugenzi gani anawahi? Na samaki mkunje angali mbichi: mwambie kwanza atupe ofisi mlemle yadini, yenye feni.

KISIGINO: Na gari la Mkuu wa Matairi.

PROFESA: La Mwenyekiti kwanza!

Hapo moto ukawaka. Mwenyekiti alilitaka lile jeupe la mbele, na Mkuu wa Matairi akaapa kwamba alilichagua hilohilo tangu juzi. Stata aliingia kuamua, akajikuta anatetea kwa ukali gari la bluu la pembeni, lake mwenyewe, kwa ziara za mikoani.

Walikuwa bado wanavutana pale mwanamke alipovuka barabara na rundo la funguo mkononi, vumbi hadi kwenye nyusi. Stata alipong'amua ni nani, kahawa ilimpalia.

MAMA WA YADI: Hamjambo hapa? Nilikuwa namngoja mtu wa kuwasha magari. Saa nne na nusu sasa. Mteja amekuja, magari mawili yamegoma, ameondoka zake.

PROFESA: Karibu sana, mama! Umeifikia kampuni yenyewe. Huyu Mkurugenzi. Huyu Mkuu wa Matairi. Mwenyekiti ndiye mimi.

MAMA WA YADI: Nashukuru kuwafahamu. Nina magari arobaini. Kesho saa kumi na mbili asubuhi, nani anakuja kuyawasha?

Profesa alimtazama Kisigino. Kisigino akakumbuka kiatu cha mtu, akainama kukitafuta chini ya benchi. Stata alitaka kusema, lakini aliona aibu. Mbele ya wazee hawa alikuwa mkubwa kwa mara ya kwanza maishani, na hata saa moja haijatimia. Mama wa yadi akatikisa kichwa, akageuka kwenda.

Stata akavua koti.

STATA: Mimi, mama. Hata sasa hivi, nianze na hayo mawili.

MAMA WA YADI: Na hawa wakubwa wako?

STATA: Hawa tunakunywa nao kahawa tu.

Mama akamtupia funguo, wakavuka. Punde ng'ambo injini ya kwanza ikanguruma.

PROFESA: Yaani Kisigino, katufukuza kazi sote wawili, na kampuni yenyewe hata haijaandikishwa!