Bomba Lililofunguliwa Mara Nne

Kijiwe chetu ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali sita, pale kwenye kona, na mbele yake limesimama bomba la maji la manispaa. Ukikaa katikati ya ubao mnatazamana nalo uso kwa uso. Kushoto hukaa Shahidi, kinyozi, ambaye hakuna jambo lililowahi kutokea mji huu yeye asiwepo. Kulia ni Breki, fundi baiskeli. Mzee Faili, karani mstaafu, ana kigoda chake peke yake, kwa ajili ya kiuno na kwa ajili ya cheo. Mimi nashona viatu, na kwa kuwa nina kalamu ya kuchorea soli, wananiita Katibu. Kahawa anatumiminia Mama Birika. Asubuhi hiyo alikuwa bado anahema, maana alikuwa ametoka kusukuma mkokoteni wa madumu kumi kutoka kisima cha nyuma ya shule.

Nilikuwa nimeshika fomu. Manispaa inachapisha kalenda ya historia ya mji, kila siku ya mwaka na tukio lake, pamoja na picha ya mahali lilipotokea. Tarehe tisa Juni ilituangukia sisi, kwa sababu ya bomba. Chini kabisa kulikuwa na swali moja: Je, huduma hiyo ipo hadi leo? Ukijibu Ndiyo, unapigwa picha. Ukijibu Hapana, siku yako wanapewa wengine, ila mtaa wako unaingia kwenye orodha ya kulaziwa bomba jipya.

— Andikeni Hapana, alisema Mama Birika, nipumzishe mgongo. Daktari kanikataza mkokoteni. Mwaka huu maji yasipofika hapa, mimi nahamia kwa dada yangu, na birika langu nalibeba.

— Tutaandika tu, mama, usiwe na wasiwasi, alijibu Mzee Faili. Lakini tuanze na historia. Fomu haijazwi kutoka chini.

Hapo ndipo tulipoharibu.

— Andika, Katibu, alidakia Shahidi. Tarehe tisa Juni, bomba lilifunguliwa na meya wa kwanza, yule mnene. Nilikuwepo. Bendi ilipiga, akanawa mikono, maji yakaruka mpaka kwenye viatu vyake.

— Sema na lile boza la maji, alisema Breki.

— Boza gani?

— Boza lililofichwa nyuma ya kibanda chako cha kunyolea! Mpira ulipita chini ya mlango wako. Bendi ilipoondoka, na boza likaondoka.

— Lile lilikuja kunyolewa.

— Boza?

— Dereva wake! Usinivuruge, nilikuwepo.

Nikaandika: meya wa kwanza, bendi, maji. Boza nililiacha. Mistari ilikuwa mitano tu.

— Halafu meya wa pili, aliendelea Mzee Faili. Alikuja tarehe tisa Juni, akalipaka rangi ya kijani, akasema mwenzake alikuwa anajaribu tu, sasa ndiyo linafunguliwa. Wa tatu naye tarehe tisa Juni, akaleta kwaya na chupa ya maji ya dukani, akaimimina juu ya koki. Wa nne mwaka jana, tarehe ile ile, akakata utepe na kutuambia tulitunze.

— Mbona wote tarehe tisa? niliuliza.

— Jiwe, alisema Breki. Fundi wa jiwe alichonga "Limefunguliwa tarehe 9 Juni", akachoka, mwaka hakuuweka. Jina la meya liko kwenye kibati cha skrubu nne. Akija mwingine naitwa mimi na bisibisi yangu, nabadilisha kibati, basi. Nani atachonga jiwe jipya?

— Hapana, hapana, alisema Shahidi. Siri ni bwawa. Tarehe tisa Juni ndiyo siku wanayofungulia maji kule bwawani. Sasa kutoka kule mpaka hapa ni mbali, tena ni mlima. Maji hayana gari. Yanakuja kidogo kidogo. Kwa hesabu yangu, yale ya meya wa kwanza sasa hivi yako karibu na kiwanda cha sabuni.

— Yamekaa miaka yote hiyo kwenye bomba? aliuliza Breki.

— Yanapumzika. Wewe ungepanda mlima ule bila kupumzika?

— Na ya meya wa pili?

— Yako nyuma yake. Yakifika, yatafika ya mameya wanne kwa mpigo. Nawashauri mnunue mabuti.

Mzee Faili alitikisa kichwa kama anayesikiliza watoto, akatushusha zaidi shimoni.

— Mimi nimekaa ofisini miaka thelathini na mbili, nawaambieni. Maji yalikwishafika. Yaliandikwa kwenye faili kuwa yamefika. Kitu kikishaandikwa kimefika, kile chenyewe kinakwenda wapi tena? Kimeshamaliza kazi. Kinarudi.

Tukaweka vikombe chini kwa heshima, maana lilisemwa kwa sauti ya ofisini.

— Haya, historia mmemaliza, alisema Mama Birika akijaza vikombe. Sasa andikeni Hapana.

— Subiri kwanza, alisema Shahidi. Tukikosa sisi, siku yetu wanapewa kina nani?

— Kona ya stendi, nilisoma.

— Wana nini wale cha kuandika?

— Tarehe tisa Juni basi liligonga choo.

Kijiwe kizima kiliruka.

— Yaani mjukuu wangu afunue kalenda akutane na choo cha stendi? alifoka Mzee Faili. Na sisi tuna mameya wanne!

— Na bendi, aliongeza Breki.

— Na kwaya, alisema Shahidi. Nilikuwepo.

— Na madumu kumi, alisema Mama Birika. Hayo nayo muandike, maana hapo hamkuwepo hata mmoja.

Hakuna aliyemtazama. Mzee Faili alinyoosha kidole kuelekea kwenye bomba.

— Tusome swali vizuri. Wameuliza huduma ipo? Bomba lile pale, lipo. Limesimama wima, koki inazunguka, rangi haijabanduka sana. Mtu mwaminifu hawezi kuandika Hapana huku analiona.

Nami, Mungu anisamehe, niliweka vema kwenye Ndiyo. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria shati la kupigia picha. Karani wa manispaa alipita na pikipiki, akaichukua fomu bila kuzima injini, akatupongeza kwa mwandiko. Tulimpungia mkono mpaka akapotea. Mama Birika alikuwa anasuuza kikombe kimoja tu, muda mrefu, kwa maji ya kujaza kiganja.

Bado tunabishana nani akae katikati ya picha, akaja mwalimu mgeni, yule aliyepanga chumba cha ng'ambo ya barabara wiki ile, kanga kiunoni, ndoo mbili mikononi.

— Shikamooni wazee wangu.

— Marahaba! tuliitika, vifua mbele.

Akaweka ndoo chini ya bomba, akazungusha koki. Akasubiri. Akazungusha tena, akainama kuchungulia. Kisha akatugeukia kwa adabu zake zote.

— Samahanini. Mwenye nyumba aliniambia mtaa huu una maji. Hutoka saa ngapi?

Shahidi alijikuna shingo. Breki akaanza kutafuta bisibisi ambayo ilikuwa mkononi mwake. Mzee Faili, miaka thelathini na mbili ofisini, aliangalia viatu vyake, na mimi nilivijua viatu vile, nilivishona mwenyewe, havikuwa na cha kuangalia. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Mama Birika aliinuka, akajishika kiuno, akaburuta dumu lake la mwisho la maji ya kahawa mpaka kwenye bomba, akalimimina lote ndani ya ndoo ya mgeni.

— Chukua, mwanangu. Ya kuoga leo.

Breki aliinua kikombe chake kikavu.

— Mama, na sisi kahawa?

Mama Birika alikuwa ameshaanza kukusanya vikombe.

— Kunyweni kalenda.