Baba Yetu, Gadi Aliyengoja wa Kumpokea Zamu

Wapendwa mlioketi na mliosimama, sauti zimetukauka. Tutasema kidogo juu ya baba yetu, na palipobaki Mungu atajazia.

Baba yetu, ambaye wengi mlimwita Mzee Bendera, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1946, mtoto wa tatu wa kibarua wa reli na mama muuza mkaa. Nyumba yao ilikaa karibu na njia ya treni kiasi kwamba vikombe vililia kabatini kila ilipopita. Bibi alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu hakukubali kulala mpaka treni ya jioni ipite, na ikichelewa, nyumba nzima ilikesha naye.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya stesheni, akamaliza mwaka 1961. Hesabu alizipenda. Kuimba hakujaliwa, na kanisani aliombwa kwa upole asimame safu ya nyuma, akasimama huko maisha yake yote bila kinyongo.

Mwaka 1965 aliajiriwa reli kama mpakia mizigo, na mwaka 1972 akawa gadi, yule anayekaa behewa la mwisho na kupunga bendera ya kijani ili treni iondoke. Magadi wa kituo chao walikuwa na desturi. Anayemaliza zamu haachi bendera mezani. Anamkabidhi mwenzake mkononi, na mwenzake anasema, "Nimepokea." Asiposema, wa kwanza haondoki, hata kama ana homa. Baba aliishika desturi hiyo mpaka alipostaafu mwaka 2001, akaileta na nyumbani. Hata akikupa mtoto mchanga umshike, alingoja kwanza useme neno hilo ndipo aachie.

Alifunga ndoa na mama yetu, mshona nguo, tarehe 12 Desemba 1970. Mungu aliwajalia watoto wanne. Mama alikula peke yake jioni nyingi sana, naye hilo hulisema hadi leo.

Baada ya kustaafu, Baba alijitolea kwenye makumbusho ya reli pamoja na wenzake wawili: Fundi Breki, na Mama Tiketi aliyekuwa karani wa dirishani. Kila Jumamosi walifuta vumbi na kupaka grisi magurudumu yasiyokwenda popote. Baba alisimama na bendera yake mlangoni mwa behewa la zamani, ambalo ngazi yake iko juu sana, akiwashika mkono wageni wasianguke. Hakuna aliyewalipa. Mama Tiketi alitangaza kuacha karibu kila mwezi. "Hii ndiyo Jumamosi yangu ya mwisho, nyie wazee mtaniua!" Jumamosi ya pili yake yuko pale pale na ufagio.

Mwaka 2019 makumbusho yaliwaandalia sherehe ya kuwashukuru. Baba aliitwa mbele, hakutokea. Akaitwa tena. Mama alimkuta mlangoni mwa behewa, suti imenyooshwa, bendera mkononi, wageni bado wanapanda.

"Baba watoto, unaitwa! Watu wanapigia makofi kiti kitupu!"

"Nani atanipokea?"

"Jamani, mwanaume wewe! Lete. Nimepokea. Nenda!"

Alikwenda mbio, akapewa cheti, akarudi mbio kumpokea mkewe, aliyekuwa amesimama na viatu vya kubana. Ndiyo maana kwenye picha ya siku ile Baba hayupo.

Mwaka jana moyo wake ulitanuka, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi. Tulimwogesha, tukampeleka kliniki na kumrudisha. Tulichoka, naye alichoka kutuona tumechoka. Alikubali vidonge, alikubali uji, ila bendera ilikaa chini ya mto wake. "Sijapokewa," alisema. "Ile ngazi itamwangusha mtu." Fundi Breki alikuja na mkongojo wake, akainamisha kichwa. "Ndugu yangu, magoti hayanibebi tena." Sisi watoto, wengine tuko mbali, wengine tuko kazini hiyo hiyo Jumamosi. Tulibaki kuomba.

Alhamisi tarehe 13 Machi 2025, Mama Tiketi aliingia wodini alikokuwa amelazwa Baba, akaketi kitandani bila kukaribishwa.

"Lete hicho kitambaa."

"Si uliniambia umeacha?"

"Nimeacha mara ngapi mimi? Lete."

Aliichukua bendera kwa mikono miwili. "Nimepokea. Ila usije ukanitokea ndotoni kunikagua."

Baba alicheka mpaka nesi akaja kutazama kuna nini. Kisha akaomba mto ushushwe. Alifariki alfajiri ya Ijumaa, usingizini, mkono wake mmoja ukiwa chini ya mto, pasipo na kitu.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, dada yake mmoja, na Fundi Breki, ambaye tumemweka kwenye kiti pale mbele pamoja na familia.

Mama Tiketi hamtamwona hapa. Tangu asubuhi kuna waliomuulizia, na wengine wamenuna. Tunaomba asilaumiwe. Leo ni Jumamosi, makumbusho yamefunguliwa, na ametuma salamu kwamba alimtafuta wa kumpokea akamkosa.

Basi zamu ya baba yetu imekwisha. Bwana ampe usingizi usiokatizwa na filimbi yoyote, ila parapanda peke yake.