Mama Povu na Misumari ya Mlangoni

Baada ya miaka thelathini na moja katika chumba cha kufulia cha hospitali yetu, Mama Povu anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Alianza kwa kukamua mashuka kwa mikono. Anaondoka akiwa msimamizi wa watu tisa na mashine nne, moja mbovu.

Lengo letu halijabadilika: mashuka mia sita safi wodini kabla ya saa nne asubuhi. Aliyekuwa akibadilika ni yeye, kulingana na mtu aliye mbele yake. Kila siku alisimama karibu na misumari ya mlangoni akitutazama tunavyotundika mikoba, ndipo akajua nani aambiwe nini. Fundi wa mashine alitaniwa: "Shemeji, inayokohoa ni mashine au ni wewe?" Mpiga pasi alifokewa: "Pasi haijipigi!" Naye hujibu, "Nimesikia, mama mkwe," na kazi inakwenda mbio. Mfuaji aliyefiwa na mumewe hakuambiwa neno, alisogezewa kiti. Karani anayeandika haya, ambaye hushtuka hata simu ikilia, alipewa kazi ndogo ndogo mpaka akajikuta amemaliza kubwa.

Mapema mwezi huu, Mama Povu alipoanza likizo yake ya mwisho kabla ya kustaafu, karani huyo akaachiwa usimamizi. Alikuwa ameandika kila kitu daftarini: huyu mtanie, yule mfokee. Jumanne ya kwanza akamfokea mpiga pasi, neno kwa neno. Mpiga pasi akavua aproni. "Mwanangu amelazwa wodi ya watoto tangu jana, nawe unanipigia kelele?" Akatoka. Asubuhi hiyo hakuwa ametundika mkoba. Alikuwa nao begani muda wote. Mama Povu angeuona. Karani alikuwa akisoma daftari.

Siku hiyo tulitoa mashuka mia tatu na arobaini. Wodi ya watoto haikupata hata moja.

Karani alimpigia simu Mama Povu, akisubiri lawama. Mama aliuliza tu, "Mtoto anaendeleaje?" Karani hakujua.

Hatujafikia mia sita tangu hapo, wala mpiga pasi hajarudi.

Ahsante, Mama, kwa kutuona mmoja mmoja. Pumzika, ulale mpaka jua likuamshe, umestahili. Jumatatu karani wako atasimama penye misumari bila daftari, bila kujua la kusema, akiutazama ule mmoja ulio mtupu. Tunakuombea siku njema na ndefu. Nasi utuombee.