Penseli ya Mwalimu Patroba Mbori

Ndugu waombolezaji, Mabwana na Mabibi wa Lamu, Pate na Mkokoni, mimi ni Rufus Mbori, mdogo wake marehemu, karani huko Mombasa, shemeji yangu Nerea ameniomba niwasomee haya, nanyi mtanivumilia sauti, maana nimechoka.

Kaka yangu alizaliwa Yala tarehe 14 Machi 1917, akasoma shule ya misheni, akahitimu ualimu mwaka 1938, akamwoa Nerea tarehe 19 Desemba 1942, wakajaliwa Douglas na dada zake wawili. Mwaka 1949 alihamishiwa kisiwa cha Pate kwa miaka miwili, na kwetu Yala hakurudi tena.

Huku aliandika vijitabu vya mambo ya kweli, cha kusafisha visima (1953), cha maradhi ya minazi (1957), na cha namna ya kumwandikia Bwana DC barua akaijibu (1961), na kila Jumamosi akawafundisha watu wazima kuandika, kwa sheria moja iliyowachosha wote: habari ya mtu iandikwe kwa penseli, asomewe mwenyewe, akiridhia ndipo itiwe wino.

Kitabu chake kikubwa, maisha ya watu wa Mkokoni, kijiji cha ng'ambo, alikianza mwaka 1960, na walipokimbia vita vya shifta akawafuata visiwani mmoja mmoja, kuwasomea kurasa zao. Mwaka jana mchapishaji wa Nairobi alikikubali, ikawa amebaki kusomewa Bi Hadia tu, aliyehamia Mbwajumali, na sura yake, ya kifo cha mwanawe, ndiyo iliyokuwa moyo wa kitabu. Nilimwambia kaka, kipeleke, mama yule hajui kusoma, hatajua, akanijibu kwamba yeye mwenyewe atajua.

Alikwenda Mei mwaka huu, kifua kikimsumbua, Bi Hadia akasikiliza mpaka mwisho, akasema mwanawe amekwisha kumzika mara moja, hataki kumzika tena kitabuni, basi mwalimu afute. Kaka alifuta kurasa thelathini na moja papo hapo, na mchapishaji, bila sura hiyo, akakirudisha kitabu. Niliudhika, na bado naudhika, ingawa Bi Hadia yuko hapa tangu asubuhi amemshika Nerea mkono, nami simlaumu.

Kaka alilazwa hospitali tarehe 2 Julai, akafariki tarehe 9 Agosti 1968. Tunawashukuru daktari na wauguzi, walimu wenzake, majirani waliotupikia, na Bwana Amini aliyetuletea maji siku zote hizi.

Karatasi hii nimeiandika kwa penseli. Nimekusomea, kaka, kama ulivyotufundisha, na hujanijibu, kwa hiyo wino sitautia. Pumzika, mwalimu, kwa amani.