Torgny Hallenborg na Minyororo ya Kiasi

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, Torgny Hallenborg anastaafu baada ya kuitumikia maabara yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Muda wote huo ameutumia kuunda plastiki ya kunasa jua hapa Göteborg, Uswidi, mji ambao mvua yake haiulizi msimu. Hakuna atakayesema mtu huyu hakuwa mvumilivu.

Alikuja akiwa mkemia kijana, mwenye nywele. Kazi yake ni kuunganisha chembe ziwe minyororo ya polima, ambayo huyeyushwa, ikapakwa kama wino na kukauka iwe seli ya sola. Mnyororo mfupi haupitishi umeme vizuri; mrefu mno hugoma kuyeyuka. Ndiyo maana neno lake likawa lagom, Kiswidi cha kiasi, si haba wala si zaidi. Alilihubiri kwenye polima, kwenye kahawa ya saa tisa, hata kwenye vipande vya keki vya watu wengine. Hotuba zake tu ndizo hazikuguswa na mahubiri hayo.

Mafanikio anayo. Rekodi ya ufanisi ya maabara ilikuwa yake kwa miaka tisa, na hakuna mgeni aliyepita hapa bila kuambiwa, fundi bomba akiwemo.

Kisha akaja Ylva Strandmark, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, na minyororo mirefu isiyo na adabu. Chupani ikawa ute mzito.

"Hiyo si polima, Ylva, ni uji. Lete sukari tunywe," Torgny alimwambia mbele ya watu.

"Uji haunywewi baridi, Torgny."

Torgny akamkatalia kuipima polima hiyo. Ylva alikuwa amebakiwa na mwaka mmoja wa masomo na hakuwa na polima nyingine. Ikishindikana hiyo, angerudi kwao mikono mitupu. Basi akakipasha moto kiyeyusho, kimiminika cha kuyeyushia polima, akaipaka ingali moto. Minyororo ikalala sambamba, umeme ukapita, rekodi ikaanguka.

Torgny alipima upya mwenyewe akitafuta kosa, na kwa kweli alilitafuta kwa bidii. Hakulipata. Siku ile hakunywa kahawa. Kesho yake alimwendea mkuu wa maabara akamwambia akistaafu nafasi yake apewe Ylva, na mtu mwingine asifikiriwe. Hapo tulimpenda, ingawa alitumia saa nzima kulisema.

Ahsante, Torgny, kwa yote. Tunakutakia maisha mema na kiangazi chenye jua. Ufunguo wa maabara baki nao uwe kumbukumbu. Ylva ameshabadilisha kufuli.