Fredrick Mughwai, Aliyejenga Tembe la Kutazamia Nyota

Mchungaji, wazee wetu, shikamooni. Wenzangu wote, poleni na msiba. Mimi ni Damari, mtoto wa shangazi yake marehemu. Mnajua maana yake: mimi ni mtani wake, na siku ya kuzika, mtani hafungwi mdomo. Kwenye ratiba mlizogawiwa kuna wasifu ulioandikwa na kamati ya mazishi. Unasema marehemu alikuwa mcheshi, mpenda watu na mpenda maendeleo. Huo fungieni maandazi. Fredrick hakuwa mcheshi hata kidogo, watu aliowapenda walikuwa wachache, na hayo mnayoyaita maendeleo aliyakimbia maisha yake yote. Wasifu wake ni huu nitakaousoma mimi. Elisha anayeongoza ratiba akianza kunionyesha saa, aivue aitie mfukoni.

Marehemu Fredrick Mughwai alizaliwa tarehe 9 Juni 1968 hapa hapa Sepuka, akiwa mtoto wa pili wa marehemu mzee Leonard Mughwai na marehemu mama Theodora. Wa kwanza ni kaka Mathayo, yule pale mwenye suti nyeusi. Tutamfikia. Wote wawili walizaliwa ndani ya tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa la miti na udongo, kama mlivyozaliwa wengi wenu ambao leo mnajifanya hamjui tembe ni kitu gani. Wakati wa mavuno uwele ulianikwa juu ya paa, na sisi watoto tulilala huko huko kuulinda, kwa sababu paa la tembe liko chini na mbuzi hupanda. Wengine tulilala kweli. Fredrick alikesha akitazama nyota. Asubuhi mama Theodora akamwuliza, "Mbuzi wamekulaje uwele na wewe ulikuwa macho?" Akajibu, "Mama, nilikuwa naangalia upande mwingine." Alichapwa, na usiku uliofuata akarudia yale yale.

Alisoma shule ya msingi hapa Sepuka kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, sekondari akasoma Singida mjini, kisha akaenda Dodoma kusomea ujenzi na kupata cheti mwaka 1989. Huko chuoni mwalimu mmoja aliwaambia wachore nyumba ya kisasa ya kulaza wageni. Fredrick akachora tembe, lenye ngazi ya kupandia juu ya paa. Mwalimu akaubandika mchoro ubaoni na kusema, "Tazameni, mwenzenu katuletea nyumba ya bibi yake." Darasa zima likacheka. Sijui walioucheka mchoro ule wako wapi. Nadhani wako chini ya mabati yao, wanaungua mchana na kutetemeka usiku, na mvua ikinyesha hawasikilizani.

Baada ya masomo alifanya kazi Shelui, akijenga nyumba za wageni kandokando ya barabara kuu ya Nzega. Mimi nimewahi kulala kwenye mojawapo, Mungu anisamehe. Nje ya kila dirisha kuna taa inayowaka mpaka asubuhi, muziki wa baa unagonga ukutani, na dereva wa lori aliyeendesha tangu alfajiri amejifunika taulo usoni ili apate usingizi. Marehemu alimshauri mwenye nyumba azizime zile taa za nje. Akajibiwa, "Fundi, mgeni asipoona taa atajuaje kama tumeendelea?" Usingizi wa mgeni haukumhusu. Marehemu aliniambia kwamba siku ile ndipo alipojua atakuja kujenga nini, na atakijengea wapi.

Tarehe 18 Oktoba 1997 alifunga ndoa na Lucy, binti wa Sekenke, ambaye baba yake alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu. Siku ya kwenda kuposa, wazee wakiwa katikati ya mazungumzo, mposaji akatoweka. Wakamkuta nyuma ya zizi, ameinua shingo kutazama nyota. Baba mkwe akamwuliza binti yake, "Huyu mtu wako ni mzima?" Lucy akasema, "Mzima, baba. Anaangalia Kilimia." Mzee akauliza, "Kwani kimepotea?" Hata hivyo mahari ilipokelewa. Walijaliwa watoto wawili, Agnes na Moses. Ndoa yao ilikuwa njema, na anayewaambia ni mimi niliyeitafuta kasoro nisiipate.

Mwaka 2014 marehemu alianza kujenga tembe la wageni pale kilimani, nyuma yenu. Geukeni mtazame, wengi wenu hamjawahi kufika. Kuta ni za udongo wa kilima chenyewe, nene, kwa hiyo mchana ndani kuna ubaridi na usiku kuna joto. Paa ni bapa, limezungushiwa ukuta mfupi ili mgeni aliyelala chali akitazama nyota asibingirike akaanguka. Maji ya mvua hutoka kwenye paa yakaingia kisimani. Vyoo ni vikavu, havimalizi maji tusiyokuwa nayo, na mbolea yake imestawisha ile miti. Njia ameipanga mawe meupe, mguu unaiona bila tochi. Taa zipo, ndogo, nyekundu, zimefunikwa juu na zinatazama chini. Kwa sababu mgeni anayetoka mbali kuja Sepuka haji kuona balbu. Kwao zimejaa.

Nyinyi mlisemaje? Mlisema msomi anaturudisha kwenye matembe. Mlisema amefilisika, ndiyo maana hana bati. Kiongozi mmoja alikuja na gari, akatazama pande zote, akauliza, "Sasa mradi wenyewe uko wapi?" Alikuwa ameegemea ukuta wake.

Siku ya ufunguzi, Agosti 2016, walikuja wageni na darubini zao, wakapanda juu ya paa, wakatandika. Jua lilipozama, kaka Mathayo akatokea na jenereta kwenye mkokoteni, taa kubwa za uwanjani na spika mbili. Alikuwa amezileta kwa upendo! "Haiwezekani ndugu yangu awakalishe wageni gizani kama popo," akasema, akawasha. Sepuka nzima ikapiga makofi. Wageni hawakuona hata nyota moja, waliona wadudu. Fredrick akashuka ngazi polepole, akachomoa waya, akamwambia kaka yake, "Kaka, asante. Umewaletea kitu walichokikimbia." Ndipo giza likarudi, na wale wageni juu ya paa wakasema "aah" kwa pamoja, kama mtu aliyeshushiwa mzigo. Makofi ya chini yalikuwa yamekwisha. Tangu siku ile hawa ndugu wawili walisalimiana tu, na wageni wakazidi kuja kila kiangazi.

Mapema mwaka huu wa 2024 marehemu alianza kusumbuliwa na figo. Alilazwa mjini Singida mara kadhaa. Hata huko hakuacha visa. Muuguzi aliingia wodini akakuta giza, balbu imevishwa kofia ya sufu. "Nani kafanya hivi?" Wagonjwa wote wakamgeukia marehemu. Muuguzi akasema, "Baba Agnes, taa hii si yako peke yako." Akajibu, "Ndiyo maana nimewauliza kwanza." Mara ya mwisho aliomba arudishwe nyumbani, apandishwe juu ya paa lake. Akapandishwa. Alifariki hapo alfajiri ya Alhamisi, tarehe 12 Septemba 2024, Lucy akiwa amemshika mkono.

Sasa tufike kwa kaka Mathayo. Mnaiona ile nguzo ya chuma kichwani mwa kaburi, yenye taa ya sola na jina la marehemu limeandikwa kwa rangi ya dhahabu? Hiyo ndiyo heshima ya ukoo. Jua likizama inajiwasha yenyewe. Tangu juzi inawaka, na mwanga wake umemwagika kwenye paa lote kilimani. Jana jioni Lucy aliwaomba wazee waiondoe, maana mwezi ujao kuna wageni, na ada ya Moses inatoka kwenye giza hilo. Mkamjibu nini? "Mjane akae ndani, haya ni mambo ya ukoo." Lo! Wanaume wazima, mnaogopa watu watasema kaburi la Mughwai liko gizani, hamwogopi mtoto wa Mughwai kufukuzwa shule kwa kukosa ada. Alipokuwa hai mlimcheka kwa kukosa taa. Amekufa, hawezi kuchomoa waya, mmeona hapo ndipo pa kumkomoa.

Kaka Mathayo simwiti mbaya. Nilimsikia mwenyewe akisema, "Mdogo wangu hawezi kulala gizani kama mtu asiye na ndugu," na machozi yakamtoka. Hana roho mbaya. Ana taa tu. Lakini kaka, kumpenda mtu miaka yote hiyo bila kujua hata kitu kimoja alichokipenda, hiyo nayo ni kazi.

Marehemu ameacha mjane, Lucy. Watoto wawili, Agnes na Moses. Kaka mmoja, Mathayo. Binamu na watani, ambao mkubwa wao ni mimi. Ameacha pia tembe moja kilimani na wageni watakaokuja mwezi ujao.

Wazee, mila mnaijua kuliko mimi. Mtani haachi maiti izikwe mpaka apewe chake. Miaka yote mmetupa kuku, tukaridhika, tukawapisha. Leo sitaki kuku. Nataka ile taa. Ninyi ndio mliosema haya ni mambo ya ukoo, basi na hili ni la ukoo. Nikimaliza kusoma nakwenda kuyakalia makoleo ya kufukia kaburi, na mnaniona nilivyo, kuninyanyua si kazi ya mtu mmoja. Spana anayo Moses. Kaka Mathayo, shikamoo. Uliipandisha wewe, ishushe wewe, kwa mkono wako, mdogo wako apate kujua kwamba safari hii umemsikia.

Taa ikishuka, na jeneza litashuka. Hapo ndipo Fredrick atakapopumzika kwa amani, gizani kwake.