Phineas Wakoli Kituyi, Fundi wa Korongo wa Sosiani (1981–2025)

Ndugu, jamaa na majirani, huyu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 6 Juni 1981 hapa Turbo, si mbali na shimo hili tulilomchimbia. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Kituyi na Mama Nanyama. Mvua ilikuwa kubwa siku hiyo, na mkunga alifika baada ya mtoto. Mama husema Wakoli alikuja duniani bila kusubiri ruhusa ya mtu, kisha akalala mchana kutwa kama fundi aliyemaliza kazi.

Alianza shule ya msingi hapa nyumbani. Masomo yalikatika mwaka wa 1992, vurugu za kikabila zilipotufikia. Asubuhi moja watu wenye mapanga na mafuta ya taa waliingia bomani. Mama aliwasukuma watoto wake wawili ndani ya shamba la mahindi yaliyokauka, yale yanayopiga kelele hata mtu akipumua, akawaambia, "Sasa msiwe watu. Muwe mahindi." Wakawa mahindi. Wakoli, mwenye miaka kumi na mmoja, alilala kifudifudi akaiona nyumba ikishika moto, na akamwona baba yake akikatwa begani mbele ya ghala. Mzee alipona, lakini mkono ule haukuinuka tena. Kwa miaka mingi baadaye mtoto huyo akiitwa ghafla aliinama kwanza, ndipo akaitika.

Alimaliza darasa la nane mwaka wa 1996, akaenda Eldoret kujifunza kuchomelea vyuma, na kufikia 1999 alikuwa fundi kamili. Mwaka wa 2003 alifungua karakana yake mwenyewe karibu na mto Sosiani. Malango mengi ya mitaa ya Yamumbi na West Indies, hapo Eldoret, ni kazi ya mikono yake. Mkipita, gongeni, mtasikia chuma kisichotikisika. Januari 2008, katika ghasia za uchaguzi, umati uliichoma karakana hiyo. Aliporudi alikuta mashine yake imeyeyuka kama mshumaa, na mtaa mzima hauna paa. Hakulia. Alikodi mkokoteni akaanza kukusanya mabati yaliyoungua, ya kwake na ya wengine, bila kuuliza yalikuwa ya kabila gani.

Tarehe 17 Desemba 2011 alifunga ndoa na Nekesa, aliyekuwa karani katika duka la vipuri vya malori la Bwana Sadiq Bashir. Nekesa alipohamia West Indies alikuta mabati meusi yamejaa nyuma ya nyumba hadi dirishani, akamuuliza mumewe:

"Baba, hii takataka tutaipika ama tutaitandika kitandani?"

"Ngoja kidogo, mama. Bado hayajaniambia yanataka kuwa nini."

Yalimwambia kingo za Sosiani zilipotengenezwa upya. Palipokuwa na jaa la taka pakawekwa njia ya kutembea, viti na miti, na mafundi wakaalikwa kuleta sanaa zao. Wakoli alileta korongo wa urefu wa watu wawili, mabawa wazi, kila unyoya bati la nyumba iliyochomwa. Alikataa kumpaka rangi. Alisema weusi ule ulipakwa na watu, na watu wauone. Kina mama walioleta watoto pale Jumapili walijua kusimama kwanza chini ya ndege yule kabla ya kununua maji.

Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Nakhumicha. Kwa ajili yake, na kwa ushawishi wa Sadiq, marehemu aliingia katika mchezo ambao wengi wenu mmeusikia kwa mara ya kwanza wiki hii. Mtu anaficha kikopo mahali pa watu wote, kisha anatangaza mahali hapo kwa namba za ramani. Yeyote mwenye simu anazifuata hadi akipate, anaandika jina lake kwenye karatasi iliyo ndani, na kukirudisha. Ukichukua kitu, unaacha kitu. Na wapita njia wasijue unachofanya, kwa sababu wasiojua mchezo hudhani ni taka na kukitupa. Nekesa alishangaa kumwona mwanamume aliyejificha kwa hofu utotoni akifurahia kuficha vitu ukubwani. Wakoli alimjibu kwamba hiki kimefichwa ili kipatikane.

Alimfundisha binti yake akionwa ainame na kufunga kamba ya kiatu. Yeye na Sadiq waliitumia mbinu hiyo mara nyingi. Siku moja mlinzi wa bustani aliwakuta chini ya daraja.

"Nyinyi wazee, mnatafuta nini hapo?"

"Nafunga kamba ya kiatu," Wakoli akasema.

"Na huyu mnene?"

"Huyu ananisimamia."

"Kamba moja, mzee, tangu niende chai nirudi! Hiyo ni kiatu ama ni gunia ya mahindi?"

Sadiq alicheka hadi akakaa chini kwenye nyasi, na mlinzi akacheka bila kujua anacheka nini.

Katika wasifu kama huu hapa ndipo husomwa aya ya ugonjwa. Marehemu hakuugua. Kuna walioishauri familia iandike kwamba aliaga ghafla. Mama Nanyama alikataa. Alisema, "Andikeni aliuawa na nani na kwa nini. Mtoto wangu hakuteleza bafuni."

Alhamisi tarehe 11 Septemba 2025, alasiri, baada ya mvua, Wakoli alivaa gambuti zake za mpira, zinazofika magotini, akaenda mtoni. Alikuwa amemwundia Nakhumicha korongo mdogo wa kutosha kiganjani, kutoka kwa nati na boliti, na alitaka kumficha ndani ya kikopo chenye sumaku chini ya bawa la kushoto la ndege mkubwa. Jumamosi mtoto angekitafuta. Alibeba spana ili akaze pia boliti moja iliyolegea hapo. Hakujua, au hakufikiri, kwamba wiki hiyo wezi walikuwa wameng'oa vyuma vya ukingo wa njia na kuviuza, na kwamba wachuuzi na vijana wa bodaboda walikuwa wameapa kumshika mtu.

Tunayasema haya kama alivyoyaona Sadiq, aliyekuwa akija kukutana naye.

"Wewe! Unafanya nini hapo chini?" kijana mmoja wa bodaboda akaita.

Wakoli angeweza kusema ukweli. Lakini alitabasamu, akainama. "Nafunga kamba ya kiatu, boss."

Yule kijana alimtazama miguu. "Kamba ya gambuti?"

Watu waliokuwa wamekusanyika walicheka. Kwa muda mfupi ilikuwa kicheko tu. Kisha sauti nyingine ikatoka nyuma: "Si ako na spana! Ndiye huyu anang'oa vyuma zetu!"

Jiwe la kwanza lilimpiga sikioni. Akasema, "Huyu ndege ni wangu." Wakamjibu, "Ati wako! Na mto pia ni wako?" Wakampiga kwa mawe, kwa kofia za pikipiki, kwa mbao za kiti cha bustani. Sadiq alipasua umati akipiga kelele, "Muacheni! Huyu ndiye alitengeneza huyo ndege!" Mtu akamuuliza, "Na wewe ndio unanunuanga vyuma za skrepa?" Wakamvunja mkono. Ndipo wale waliokuja kulinda vyuma wakamng'oa korongo unyoya mmoja, wakampiga nao fundi aliyeuchomelea. Alianguka kati ya miguu ya ndege wake. Hakufika hospitali. Waliokuwa na simu walipiga picha, na picha hizo zilizunguka mji mzima zikiwa na neno moja: mwizi.

Neno hilo ndilo tumekuja kulizika, na tunaomba lishuke shimoni peke yake, lisishikamane na jina lake. Jumamosi, siku ile ile aliyopangiwa, Nakhumicha alimwomba Sadiq ampeleke mtoni. Umati haukuwa umekiona kikopo. Kilikuwa kimeshikilia palepale chini ya bawa, boliti imekazwa vizuri. Mtoto alimchukua korongo wake mdogo. Kisha, kwa kuwa sheria ni sheria, aling'oa kifungo cha sweta yake ya shule akakiacha ndani, na akakirudisha kikopo mahali pake. Ana miaka kumi na mmoja. Hakuinama.

Marehemu ameacha mama yake, Mama Nanyama. Mke wake, Nekesa. Binti yake, Nakhumicha. Dada yake, anayewasomea haya. Na Sadiq Bashir, ambaye leo amekaa mbele pamoja na familia, mkono ukiwa kwenye plasta, kwa sababu hapo ndipo mahali pake.

Familia ina ombi moja. Baada ya maombi tutatupa udongo. Tunajua kwamba kati ya waliokuja kwa magari kutoka mjini wamo waliokuwa pale mtoni. Hatutamtaja mtu, na hakuna atakayeguswa katika boma hili. Tumechoka kuona watu wakipigwa humu. Lakini aliyemshika Wakoli siku ile asiushike udongo wetu. Aende kwa korongo. Leo tunavunja mchezo na kusema wazi: chini ya bawa la kushoto. Ndani kuna karatasi, na kuna kalamu. Sheria moja tumeiacha ilivyo. Aliyechukua kitu, aache kitu. Wewe ulichukua. Acha jina lako.

Wakoli, waliokuwa wakikuwinda wamepita. Huhitaji tena kuwa mahindi. Pumzika ukiwa mtu.